Kabla Hujazifuta Nukta za Steji

Swali: Hujambo mtaalamu? Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika mipango miji hapa Nairobi, na nimekulia Pipeline. Nataka kuchunguza njia wanazofuata wafanyakazi wa viwandani kutoka Pipeline na Mukuru kwa Njenga hadi Industrial Area. Watu 60 wamekubali simu zao zirekodi GPS kwa wiki mbili. Msimamizi wangu anasema data ya setilaiti inatosha na nisipoteze muda kuwahoji, kwa kuwa watu husahau na hudanganya, lakini setilaiti haidanganyi. Je, ni kweli? Na data hiyo niisafishe vipi kabla ya kuchora ramani?

Jibu: Sijambo, dada, na asante kwa swali. Kwa kuwa umekulia Pipeline, sehemu kubwa ya jibu unaijua kwa miguu yako. Ombi langu ni kwamba usiiachie programu ikunyang'anye unachokijua.

Msimamizi wako hajakosea kuhusu kumbukumbu za watu. Kwa miaka mingi uchunguzi wa usafiri ulitegemea dodoso: ulitoka saa ngapi, ulifika saa ngapi, ulipanda nini. Watu hukadiria kwa robo saa na nusu saa, na safari fupi huzisahau kabisa. Mwaka 1996, mjini Lexington katika jimbo la Kentucky, Marekani, familia 100 zilipewa vipokezi vya GPS vya kuweka kwenye magari yao, na hilo lilikuwa miongoni mwa majaribio ya kwanza ya aina yake. Tangu hapo imekuwa wazi kwamba kifaa hunasa safari ambazo mdomo huziacha.

Lakini tazama kilichokuwa kikifuatwa kule Lexington. Lilikuwa gari la mwenyewe. Hutoka nyumbani, hupita barabara iliyo kwenye ramani, huegeshwa, basi. Mfanyakazi wa Pipeline hutembea, husimama, hupanda, hushuka kabla ya kufika, hutembea tena, hukata kichochoro, huvuka mto. Kanuni nyingi za kusafisha data tunazofundishwa darasani zilizaliwa ndani ya gari, na ukizitumia kwa mtu wa miguu na wa matatu zitakuonyesha "makosa" mengi ya kufuta. Mengi ya makosa hayo ndiyo safari yenyewe. Kwa hiyo jibu fupi ni hili: setilaiti haidanganyi kuhusu mahali simu ilipokuwa, ila haikuambii mwenye simu alikuwa akifanya nini hapo, na usipomuuliza utajaza pengo hilo kwa mawazo ya programu.

Nianze na kifaa chenyewe, maana hata watu wako 60 watakuuliza. Setilaiti za GPS huzunguka dunia kwenye kimo cha takriban kilomita 20,200, na mfumo umepangwa ziwepo angalau 24 kazini. Kila moja hutangaza mfululizo iko wapi na saa yake inasema nini. Simu husikiliza tu. Hupima ishara imechukua muda gani kufika, na ikisikia setilaiti nne au zaidi hukokotoa mahali ilipo na kurekebisha saa yake papo hapo. Ishara hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde huwa kosa la mita 300 ardhini. Waeleze watu wako kwamba simu haitumi chochote angani, kwamba hakuna setilaiti inayowatazama, na kwamba kusikiliza huko hakuli bando. Nimekutana na watu waliozima GPS kila asubuhi kwa kuogopa bando kuisha, na hakuna aliyekuwa amewaambia.

Mahali peupe simu ya kawaida hukosea kwa takriban mita tano. Pipeline si mahali peupe. Pale kati ya maghorofa, anga imebaki utepe, na ishara nyingi hufika kwenye simu baada ya kugonga ukuta kwanza. Zikifika zimechelewa, simu huamini zimetoka mbali zaidi, na nukta yako inarukia upande wa pili wa jengo. Mambo ni hayo hayo katikati ya mji, River Road na Tom Mboya. Ndani ya matatu iliyojaa, mabati ya gari na miili ya watu huipunguza ishara zaidi, kwa hiyo abiria wa dirishani atakuwa na mstari safi kuliko yule aliyebanwa katikati. Kabla ya kuanza, chukua simu tano za aina tofauti, ziweke kwenye mfuko mmoja, tembea nazo njia moja unayoijua vizuri, kisha utazame mistari mitano iliyotoka. Utajifunza zaidi kwa nusu saa hiyo kuliko kwa sura nzima ya kitabu.

Kuna upotevu mwingine ulio mbaya zaidi kwa sababu hauonekani. Kila setilaiti hurudia maelezo ya njia yake kila baada ya sekunde 30, na simu iliyokuwa imezimwa huhitaji kuyasikia vizuri ndipo ianze kujua iko wapi. Simu yenye intaneti huyapata mtandaoni kwa haraka. Isiyo na bando, ikiwashwa ndani ya chumba cha ghorofa ya pili kilichozibwa pande zote, inaweza kukaa kimya mpaka mwenyewe afike barabarani. Mstari wake utaanzia steji. Wewe, ukiwa ofisini na ramani, utaandika kwamba mtu huyu anaishi karibu na steji na hatembei kabisa, na ile dakika kumi ya vichochoro vyenye maji machafu itakuwa imefutika bila wewe kufuta kitu. Waombe wawashe programu ya kurekodi mapema, na wakitoka wasimame nje kidogo kabla ya kuanza mwendo. Hakikisha pia mipangilio ya kuokoa betri haiizimi programu ikiwa nyuma ya skrini, kwani simu nyingi za bei nafuu hufanya hivyo. Nenda kwa kila mtu uitazame simu yake mwenyewe. Usitume maagizo kwa ujumbe ukadhani yametekelezwa.

Rekodi nukta kila sekunde tano. Mtu anayetembea kwa kilomita tano kwa saa atakuwa amesogea mita saba hivi kati ya nukta na nukta, na matatu ya kilomita 60 kwa saa itakuwa imesogea mita 83. Ukiweka sekunde 30, matatu hiyo itakuwa imepiga nusu kilomita gizani, na kona zote zimepotea. Watu 60 kwa siku 12 za kazi, safari mbili kwa siku, dakika 45 kila safari: hizo ni karibu nukta 780,000. Kompyuta ya mkononi na QGIS, programu ya ramani ambayo ni ya bure, zinazimudu. Ukifika kwenye vipimo vya urefu, hamisha data kutoka digrii hadi mita kwa UTM, mfumo wa gridi ya mita, ukanda wa 37 Kusini, ambao Nairobi imo ndani yake. Tena, ukipewa ramani za zamani za serikali zilizochorwa kwa msingi wa vipimo wa zamani uitwao Arc 1960, kumbuka kwamba hazikai sawa na GPS mpaka uzibadilishe: hapa kwetu tofauti ni karibu mita 300, na kwenye mitaa yako mita 300 ni kata nyingine kabisa.

Sasa saa, kitu kidogo kinachoharibu kazi nyingi. Faili ya GPS haijui saa za Nairobi. Huandika wakati wa Greenwich, nasi tuko saa tatu mbele. Mfanyakazi atakuambia ametoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Skrini ya simu yake inasema 05:30. Faili inasema 02:30. Ni safari moja iliyotajiwa saa kwa namna tatu, na zote ni sahihi. Nimewahi kupewa nisome jedwali ambamo watu wa alfajiri walionekana wakisafiri saa nane na nusu usiku, na kando yake aya nzima iliyoeleza zamu za usiku ambazo hazikuwepo. Kosa hilo lina ndugu yake: mhoji akisikia "kumi na moja na nusu" akaandika 11:30 kwenye fomu, safari ya alfajiri inahamia karibu na chakula cha mchana. Badilisha saa za faili mara moja tu, mwanzoni, kwenye safu yake mwenyewe, na kwenye fomu waandike daima neno la wakati: alfajiri, asubuhi, jioni, usiku.

Tufike steji, ambako ndiko ninakotaka uwe mwangalifu kuliko kwingine kote.

Programu nyingi hutambua mwisho wa safari kwa kanuni rahisi. Nukta zikikusanyika ndani ya duara la mita 50, kwa mfano, kwa dakika tano au zaidi, basi mtu amefika mahali. Ipeleke kanuni hiyo Taj Mall saa kumi na mbili asubuhi. (Jengo lilibomolewa mwaka 2018 lakini steji haijabadili jina, na hilo nalo uliandike, kwa sababu majina ya steji katika mji huu hayamo kwenye ramani, yamo vinywani mwa makanga.) Matatu haiondoki mpaka ijae. Mtu wako amekaa ndani dakika kumi na mbili, na programu imeamua kwamba alikuwa na shughuli Taj Mall, safari ya kwanza ikaisha, ya pili ikaanza. Ukikokotoa wastani, safari za Pipeline zinatoka fupi na za kupendeza. Foleni ya Outer Ring au ya Jogoo Road nayo hufanyiwa hivyo hivyo.

Wengine, wakiona hivyo, huchukua hatua ya kinyume na kuzifuta nukta zote zisizosogea. Wana sababu ya haki, maana simu iliyosimama haitulii. Dakika 20 kwenye steji ni nukta 240, na kila moja ikiruka mita tatu tu kutoka kwa mwenzake, umempa mtu aliyeketi mita 720 za kutembea. Uchafu huo lazima uondoke, ila ondoa mita, tunza dakika. Likusanye fungu lile la nukta kuwa nukta moja yenye saa ya kufika na saa ya kuondoka, uipe jina: kusubiri. Na ili programu itofautishe kusubiri na kufika, chora kwanza mipaka ya steji zote unazozijua, zikiwemo zile zisizo rasmi chini ya mti au mbele ya kituo cha mafuta. Fungu la nukta lililo ndani ya mpaka wa steji na kufuatwa na mwendo wa gari ni kusubiri. Lililo kwingine, muulize mwenyewe.

Nashikilia jambo hili kwa sababu najua ramani yako itapelekwa wapi. Ukifuta kusubiri na kutembea, kinachobaki ni mwendo wa magari, na ramani ya mwendo wa magari huomba jambo moja tu, barabara pana zaidi. Haiwezi kuomba paa la steji wakati wa mvua, wala taa kwenye kichochoro, wala kidaraja cha miguu juu ya Mto Ngong. Katika mji huu ambapo takriban watu wawili kati ya watano huenda kazini kwa miguu, hayo si mambo ya pembeni.

Kuna pia wale ambao mistari yao itaonekana haina akili. Jioni utamkuta mtu anayekwenda nyumbani ameanza kwa kurudi nyuma. Amepanda gari linaloelekea mjini, akafika nalo mwisho wa njia, akageuka nalo. Programu inayolinganisha kila safari na njia fupi itampa alama nyekundu. Yeye alikuwa anatafuta kiti. Mwingine atashuka vituo viwili kabla, kwa sababu nauli hupungua akiishia pale. Mvua ikinyesha nauli hupanda, na waliokuwa wakipanda watatembea. Asubuhi kukiwa bado giza mwanamke atazunguka barabara kubwa, jioni kukiwa na mwanga atakata kati. Usichanganye safari za asubuhi na za jioni ukazitolea wastani, na panga wiki zako mbili ziangukie kabla na baada ya siku ya malipo, kwa sababu njia ya mtu hubadilika na kilicho mfukoni mwake.

Na kibarua asiye na kazi ya kudumu? Huyu ndiye aliyenibadilisha mimi. Unajua jinsi wanavyosimama milangoni mwa viwanda alfajiri wakingoja msimamizi atoke achague watu. Asiyechaguliwa hapa huhamia lango linalofuata, halafu lingine, kisha saa tatu asubuhi anageuka kurudi nyumbani. Kwenye data utaona mstari wenye mafundo matatu au manne kandokando ya Lunga Lunga Road na Enterprise Road, kisha kurudi. Wakati fulani nilikuwa na kanuni yangu ya kusafisha: siku ambayo mtu hakukaa kazini angalau saa nne, niliiondoa kama siku isiyo ya kazi. Niliiona kanuni nzuri mpaka nilipoketi na kijana mmoja kumwonyesha ramani ya wiki yake, akahesabu siku, akaniuliza mbona Jumanne na Alhamisi hazipo na yeye alitoka. Alikuwa ametembea kwenda na kurudi siku zote mbili bila kupata kitu. Mimi ndiye niliyezifuta. Siku hizo zilikuwa na gharama kubwa kwake kuliko zile alizopata kazi, na kwenye ripoti zingekuwa hazikutokea. Tangu siku hiyo sifuti siku nzima ya mtu bila kumuuliza.

Ukimaliza mafundo, utakabiliwa na kazi ya kuzivuta nukta ziketi juu ya barabara. Njia inayotumika sana ni ile iliyochapishwa mwaka 2009 na Paul Newson na John Krumm: kwa kila nukta, programu huorodhesha barabara zilizo karibu, kisha hupima si ukaribu tu bali pia kama inawezekana mtu kutoka barabara ile ya awali hadi hii kwa muda uliopita. Ni njia nzuri, na kwa matatu za Outer Ring itakufaa. Ila ina sharti moja kubwa, kwamba njia iwepo kwenye ramani. Kichochoro kisichochorwa, kwa programu, hakipo duniani. Mtu aliyekata katikati ya Mukuru kwa Njenga atavutwa hadi barabara ya lami iliyo karibu, na ramani yako itaonyesha umati ukipita mahali ambapo hawakupita.

Kwa hiyo chora vichochoro kwanza. Kibera ilikuwa karibu doa tupu kwenye ramani za umma mpaka mwaka 2009, vijana wa huko walipochukua vipokezi vya GPS, wakatembea mitaa yao wenyewe na kuichora kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, katika mradi wa Map Kibera. Fanya vivyo hivyo kwa eneo lako dogo. Weka mistari yote ya watembeao juu ya picha ya setilaiti. Palipo na msongamano wa mistari pana njia, hata kama picha inaonyesha mabati tu. Kisha nenda uitembee. Usitegemee kwamba aliyechora kabla yako yuko sahihi hadi leo, kwani ubomoaji wa mwaka 2021 Mukuru kwa Njenga uliondoa vichochoro vingi kwa siku chache, na mafuriko ya 2024 yalikumbusha kila mtu kwamba kivuko cha mto kinaweza kuwepo Januari kisiwepo Aprili. Ukipata nafasi, rudia siku chache za kurekodi wakati wa masika. Utashangaa jinsi njia zinavyokusanyika kwenye vivuko vilivyobaki.

Kwenye Mombasa Road kuna mtego mwingine. Tangu mwaka 2022 Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, inapita juu ya barabara ya zamani kwa sehemu ndefu. Kwa GPS zile ni barabara mbili mahali pamoja, na kimo ndicho GPS inachokipima vibaya zaidi. Programu ikimweka mtu wako juu, tafuta alipandia wapi. Barabara ya juu ina milango yake ya kuingilia na kutokea, na hakuna abiria anayeshukia katikati. Akionekana kushuka kati ya milango miwili, alikuwa chini.

Kuhusu njia za matatu hutaanzia sifuri. Kati ya mwaka 2012 na 2013 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na watafiti wa vyuo vya Columbia na MIT vya Marekani, walipanda matatu za mji mzima wakiwa na simu mikononi, wakirekodi njia na kila mahali gari liliposimama. Kazi hiyo, Digital Matatus, ilitoa mwaka 2014 ramani ya njia zaidi ya 130, ikazimwaga data zake wazi kwa kila mtu, na mwaka 2015 zikaingia kwenye Google Maps. Ninachokipenda zaidi kwenye mradi ule si ramani, ingawa ni nzuri kuitazama. Ni kwamba ilibidi waunyooshe muundo wa data wenyewe. Muundo huo, GTFS, wa kuandikia njia, vituo na ratiba za mabasi, uliundwa mwaka 2005 kwa ajili ya mji wa Portland, Marekani, ambako basi lina ratiba na kituo kina nguzo. Matatu haina ratiba na mara nyingi kituo ni mahali abiria anaposema "shukisha". Walijua hivyo kwa sababu walikuwa ndani ya gari. Itumie data yao kama mahali pa kuanzia, lakini ni ya muongo uliopita, na matatu hukata njia za panya foleni ikikaza. Mstari wa mtu wako ukitoka nje ya njia rasmi kwa kilomita moja kisha ukarudi, usiunyooshe. Dereva alikata, na ni muhimu kujua wapi na saa ngapi.

Sasa mahojiano, yale ambayo msimamizi wako anaogopa yatapoteza muda. Usiwape watu dodoso la kurasa kumi. Siku ya pili au ya tatu jioni, keti na mtu dakika kumi, mwonyeshe mstari wake kwenye skrini, kisha nyamaza. Wengi huanza kueleza wenyewe: "Hapa nilimngoja mwenzangu tuvuke pamoja," "hapa makanga alitushusha akageuza." Uliza kila fundo lilikuwa nini, nauli ilikuwa ngapi, na kwa nini hakupita ile njia fupi. Mtu husahau akiulizwa hewani, lakini akiona mstari wake hukumbuka. Hapo kumbukumbu na setilaiti zinasahihishana, na si lazima uchague moja. Utahitaji pia majibu hayo kujua alipanda nini, kwa kuwa matatu kwenye foleni hutembea kwa mwendo wa mguu, na kasi pekee haitakuambia.

Jambo moja kuhusu watu wako 60: wote wana simu zinazoweza kurekodi. Wenye kabambe, zile simu ndogo za vitufe, hawamo, na huenda ndio wanaotembea zaidi. Tafuta angalau kumi kati yao, utembee nao wewe au msaidizi wako, simu yako ikiwa mfukoni.

Setilaiti haiwatazami watu wako, lakini faili utakayoikusanya ina hatari. Mwaka 2013 kundi la watafiti likiongozwa na Yves-Alexandre de Montjoye lilionyesha, kwa data ya simu za watu milioni 1.5, kwamba nukta nne tu za mahali na wakati zilitosha kumtofautisha mtu mmoja na wengine wote katika asilimia 95 ya visa. Kuondoa majina hakutoshi. Mstari unaoanza kila alfajiri kwenye mlango mmoja na kuishia kwenye lango moja ni jina tosha. Fikiria mwajiri anayetaka kujua nani alipita kwa mshindani wake, au mume anayetaka kujua mkewe alisimama wapi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakubana, kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti, na cha kamati ya maadili ya chuo chako ni lazima, lakini nenda mbali kuliko karatasi. Mpe kila mtu nafasi ya kuifuta siku yoyote kabla hajakukabidhi faili, bila kukueleza sababu. Kwenye kitu chochote utakachochapisha, kata mita 200 za mwanzo na za mwisho za kila mstari, na uonyeshe njia iliyopitwa na watu kadhaa, kamwe si ya mmoja. Waambie pia wasitoe simu mfukoni kuangalia kama inarekodi wakiwa njiani alfajiri. Hakuna nukta inayostahili mtu anyang'anywe simu.

Na msimamizi wako usibishane naye. Ukimaliza majaribio ya wiki ya kwanza, mwalike mtembee pamoja asubuhi moja kutoka Taj Mall hadi Lunga Lunga Road, kwa njia wanayopita watu wako, simu yake ikirekodi mfukoni mwake. Jioni mfungulie mstari wake kwenye QGIS, kanuni zote za kusafisha zikiwa zimewashwa kama zinavyokuja na programu, umwache atafute mahali aliposimama kungoja watu wapungue kwenye kidaraja. Muanze saa kumi na moja na nusu, kabla hakujapambazuka.